Hukwe Zawose: Msimulizi wa Ugogo aliyevuma ugenini

MTU anayetoka Dodoma mjini kuelekea kaskazini mashariki, akaifuata barabara ya Hombolo, huiona nchi ya Wagogo ilivyo hasa. Ni nchi ya mibuyu na vichaka vya miiba, ya mashamba ya mtama na uwele, ya mizabibu iliyopandwa kwenye udongo mwekundu, na ya ng'ombe wanaoteremka kwenda kunywa maji katika bwawa lililojengwa miaka ya 1950, enzi za ukoloni. Mvua hunyesha kwa miezi michache tu, tangu mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na baada ya hapo upepo na vumbi hutawala.

Hombolo leo imo ndani ya mipaka ya Jiji la Dodoma, lililotangazwa kuwa jiji mwaka 2018. Hata hivyo, kwa karne nyingi maeneo hayo, pamoja na Ihumwa, Mvumi, Chamwino na vijiji vingine vya nyanda za kati, yalijulikana kwa jambo moja ambalo ukame haukuweza kuliua, nalo ni kusimulia kwa kuimba. Mgogo aliimba alipochunga, aliimba alipovuna, aliimba alipowatoa vijana jandoni, na katika nyimbo hizo aliweka nasaba, maonyo, masihara na habari za njaa zilizopita.

Kutoka katika nchi hiyo alitokea mtu mmoja ambaye aliichukua sanaa hiyo akaifikisha Japani, Ulaya na Marekani ya Kaskazini, akaimba mbele ya maelfu ya watu wasiojua hata neno moja la Kigogo, na bado wakatulia kumsikiliza. Mtu huyo ni marehemu Hukwe Ubi Zawose, aliyefariki dunia mjini Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, akiwa na umri wa takriban miaka 65.

Zaidi ya miongo miwili imepita tangu kifo chake. Jina lake lingali linatajwa kwa heshima katika maduka ya muziki ya London na Tokyo, lakini vijana wengi wa Dar es Salaam na Dodoma hawalifahamu. Ni vyema, basi, maisha yake yakasimuliwa upya kwa lugha ambayo yeye mwenyewe aliimbia, pamoja na Kigogo chake cha kuzaliwa.

Mtoto wa Doma

Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doma, mkoani Dodoma. Baba yake alikuwa mwanamuziki, na ni kwake ambako kijana huyo alijifunza kupiga ilimba, kama walivyofanya watoto wengi wa Kigogo waliorithi ala kutoka kwa wazazi wao. Hapakuwa na darasa wala kitabu. Mtoto alikaa karibu na mkubwa, akasikiliza, akaiga, akakosea, akachekwa, akarudia tena hadi vidole vikazoea.

Kizazi kilichomtangulia kilikuwa kimepitia mateso makubwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa Ugogo, na ukame ulipofuata ikaja njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo huiita Mtunya. Watu wengi walikufa na wengine wakahama. Njaa hiyo ilibaki katika masimulizi ya wazee, na mtoto aliyekulia Ugogo katika miaka ya 1940 aliyasikia masimulizi hayo kutoka kwa watu walioyaona kwa macho yao.

Wapo waliochukua kalamu ili habari hizo zisipotee. Mwaka 1954, Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa na mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili, alichapisha kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Miaka michache kabla yake, mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alipita katika Tanganyika na mitambo yake ya kurekodia, akanasa sauti za wanamuziki wa Kigogo. Zawose hakuwa mwandishi wala mtafiti. Kumbukumbu yake ilikuwa katika vidole na koo.

Ala yenye wenzake ndani yake

Ili kuelewa ukubwa wa Zawose, ni lazima kwanza kuielewa ilimba, ambayo watu wa pwani huiita marimba ya mkono. Ni sanduku la mbao lililochongwa likawa na uwazi ndani, na juu yake zimepangwa ndimi za chuma ambazo mpigaji huzibonyeza na kuziachia kwa vidole gumba. Katika ilimba kubwa za Kigogo, si ndimi zote zinazoguswa. Baadhi huwekwa ili zitetemeke zenyewe pale jirani zake zinapopigwa, hivyo kila sauti hufuatwa na mwangwi wake.

Mafundi wa ala hiyo hutoboa tundu dogo katika sanduku na kulifunika kwa utando wa buibui. Utando huo hutoa mvumo mwembamba, kama wa nyuki, unaoambatana na kila noti. Sikio lililozoea gitaa linaweza kudhani kuwa chombo kimeharibika. Sikio la Kigogo hulihesabu hilo kuwa ndilo uhai wa ala, na ilimba isiyovuma ni sawa na mboga isiyo na chumvi.

Pamoja na ilimba, Zawose alipiga izeze, ambalo ni zeze la Kigogo linalosuguliwa kwa upinde mdogo, na alifahamika kwa kutengeneza mazeze makubwa yenye nyuzi nyingi kuliko yale ya kawaida. Alipiga pia ndono, ambao ni upinde wenye kibuyu, na alipuliza filimbi. Njuga za miguuni zilimpa mapigo ya ngoma hata alipokuwa peke yake jukwaani.

Ndono ni ala ya kale na ni ufunguo wa muziki wote wa Wagogo. Waya wake unapogongwa hutoa sauti moja nzito, lakini ndani ya sauti hiyo zimo nyingine nyembamba ambazo kibuyu huzitoa nje kimoja baada ya kingine. Wataalamu wa muziki wanaeleza kuwa sauti hizo za asili ndizo zilizozaa ngazi ya sauti tano inayotumiwa na Wagogo, na ndizo zinazowawezesha kuimba kwa sauti nyingi zinazopishana na kukutana bila mwalimu wa kwaya wala karatasi ya noti.

Juu ya ala zote hizo ilikuja sauti ya Zawose mwenyewe. Aliweza kuanza chini kabisa, kwa mngurumo wa mzee anayekemea, kisha ghafla akapanda hadi sauti nyembamba kama ya mtoto au ndege, na kurejea chini bila kuvuta pumzi inayosikika. Kwa njia hiyo msimulizi mmoja aliweza kuwa watu kadhaa: mzazi na mwana, mwenyeji na mgeni, mtu na mnyama. Msikilizaji asiyejua Kigogo alitambua kwamba anasimuliwa jambo, hata kama hakujua ni jambo gani.

Wito wa Mwalimu

Tanganyika ilipokuwa Jamhuri mwezi Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere aliunda kwa mara ya kwanza wizara iliyoshughulikia utamaduni wa taifa. Katika ukoloni ngoma za Waafrika zilidharauliwa, na mara nyingine zilipigwa marufuku. Serikali mpya ilitaka kuziinua ziwe alama ya nchi. Miaka michache baadaye kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma, na wasanii wakaanza kutafutwa mikoani.

Sifa za kijana wa Doma zilimfikia Nyerere, naye akaitwa Dar es Salaam katika miaka hiyo ya 1960. Kwa mtu aliyekulia katika nchi ya mifugo, kuhamia jiji la bandari, kuajiriwa ili kupiga ilimba na kupokea mshahara kwa kazi hiyo kulikuwa ni mageuzi makubwa. Kazi ambayo kijijini ilifanywa baada ya kazi nyingine zote sasa ilikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Mageuzi hayo yalikuwa na gharama yake. Kijijini, wimbo wa Kigogo una mahali na msimu wake. Kuna nyimbo za mavuno, za jando, za kuomba mvua na za kutuliza mgonjwa, na ngoma ya muheme inayopigwa na wanawake ilihusiana na mafunzo ya wasichana. Katika kikundi cha taifa, vyote hivyo vilipunguzwa vikawa vya dakika chache, vikapangwa vifuatane na ngoma za Wamakonde, Wazaramo na Wasukuma, na kuonyeshwa kwa wageni wa serikali. Wakosoaji wa sera hiyo wamesema kuwa ngoma zilitolewa katika maisha zikawekwa kwenye maonyesho. Watetezi wake nao hujibu kwamba bila mpango huo, nyingi zisingejulikana nje ya wilaya zake.

Zawose alisimama katikati ya hoja hizo mbili. Aliimba nyimbo za kuisifu nchi na viongozi wake, kama walivyotakiwa wasanii wote wa wakati huo, lakini aliziimba kwa ala za baba yake na kwa mtindo wa Kigogo usiopunguzwa makali. Ndiyo maana hata mtu asiyependa nyimbo za siasa hawezi kuzipuuza nyimbo zake.

Kikundi cha taifa kilivunjwa takriban mwaka 1980. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na baadhi ya wasanii wake wakawa walimu, Zawose akiwa miongoni mwao. Aliihamishia familia yake katika mji huo wa pwani, na huko akaishi hadi kufa kwake. Wanafunzi kutoka mikoa yote ya Tanzania, na baadaye kutoka nchi za nje, walijifunza ngoma za Wagogo mbele ya bahari, mamia ya kilomita kutoka Doma. Chuo hicho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, maarufu kwa jina la TaSUBa.

Majukwaa ya dunia

Katikati ya miaka ya 1980 Zawose alianza kujulikana Ulaya akiwa na wenzake, Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute, waliotambulishwa huko kuwa ni mabingwa wa muziki wa Tanzania. Mwaka 1985 santuri yao iitwayo Tanzania Yetu ilitolewa nchini Uingereza, na baadaye ikafuatiwa na Mateso. Katika muongo huo huo alialikwa Japani, ambako kampuni ya JVC ilirekodi muziki wake kwa uangalifu mkubwa na kuuchapisha kwa jina lake.

Mialiko ya tamasha la WOMAD, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1982 na mwanamuziki Peter Gabriel pamoja na wenzake, ilimkutanisha na hadhira kubwa zaidi. Kupitia uhusiano huo, mwaka 1996 kampuni ya Real World ilitoa albamu yake iitwayo Chibite, neno la Kigogo lenye maana ya twende. Baadaye ikaja Mkuki wa Rocho, ambayo aliifanya na mpwa wake Charles Zawose.

Mwaka 2002 alishirikiana na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, katika albamu iitwayo Assembly, ambamo ilimba na mazeze vilichanganywa na gitaa na mitambo ya kisasa. Wapo mashabiki wa muziki wa jadi walioguna kwamba mitambo imemfunika mzee. Wengine waliona kwamba mzee ndiye aliyeifunika mitambo. Katika majira ya vuli ya mwaka huo huo, Hukwe na Charles walifuatana na Peter Gabriel katika ziara ya Marekani na Kanada, wakifungua maonyesho katika kumbi kubwa ambazo kwa kawaida hutumika kwa mpira wa kikapu. Watu wawili wa Ugogo, wenye ala zilizochongwa kwa mkono, walisimama mbele ya hadhira iliyokuja kusikia muziki wa roki, na wakasikilizwa.

Mwaka uliofuata, Desemba 2003, Zawose alifariki. Charles, ambaye wengi walimtazamia kuwa mrithi wake, naye alifariki mwaka 2004. Katika muda mfupi familia hiyo ikapoteza sauti zake mbili zilizojulikana zaidi.

Taswira iliyohifadhiwa mbali

Katika maisha ya Zawose limo jambo linaloumiza kwa namna ya pekee. Miaka ambayo alikuwa na nguvu zake zote ndiyo miaka ambayo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilikuwa na matangazo ya picha za rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vya binafsi vikaanza kurusha matangazo, na televisheni ya serikali ikafuata miaka michache baadaye. Mwananchi wa Bara aliyetaka kumjua msanii wake alitegemea redio au bahati ya kuwapo uwanjani siku ya sherehe.

Redio ilifanya kazi kubwa. Ngoma za marehemu Mzee Morris Nyunyusa, zilizotangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam, zilijulikana na kila mtoto nchini, ingawa wengi hawakuwahi kumwona mpigaji. Lakini kwa msanii kama Zawose, redio ilibeba nusu tu ya kazi. Haikuweza kuonyesha uso wake ulivyobadilika kila alipobadili sauti, wala mabega na miguu yenye njuga iliyojibizana na vidole, wala mavazi yake ya jadi. Msimulizi wa Kigogo huonekana kadiri anavyosikika.

Kwa hiyo taswira kamili za mtu huyu, zikiwa picha, filamu fupi na kanda zenye sauti safi, zilitengenezwa zaidi na wageni na kuhifadhiwa ugenini. Santuri zake ziliuzwa kwa fedha za kigeni katika maduka ambayo Mtanzania wa kawaida asingefika. Nyumbani, kanda zilinakiliwa ovyo mitaani bila mtunzi kupata chochote, hali iliyowakumba wanamuziki wote kabla ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na hata baada yake. Wahenga walisema kuwa nabii hakosi heshima ila kwao. Katika habari hii hakudharauliwa, bali wengi wa watu wake hawakupata nafasi ya kumwona wala kumsikia ipasavyo.

Hata filamu ya Throw Down Your Heart ya mwaka 2008, ambayo inamfuata mpiga banjo wa Marekani Béla Fleck akipita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali kutafuta asili ya ala yake, ilifika Bagamoyo ikawakuta watoto na wajukuu. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kuzikwa.

Warithi

Kilichozuia jina hilo lisizimike ni familia. Zawose aliacha ukoo mkubwa, na nyumba yake ya Bagamoyo ilikuwa tangu mwanzo ni chuo kingine, pasipo hodi wala ada. Mwanawe Msafiri Zawose aliendelea kupiga ilimba na mazeze, akachanganya na vionjo vya kielektroniki, na mwaka 2017 albamu yake iitwayo Uhamiaji ikatolewa Uingereza.

Mwaka 2024 yalitokea mageuzi ambayo huenda yangemshangaza mzee. Pendo Zawose, binti yake, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa albamu iitwayo Maisha chini ya kampuni ile ile ya Real World, kwa jina la The Zawose Queens. Katika desturi ya Wagogo wanawake wana ngoma zao, hasa muheme, lakini kupiga ilimba na kuongoza uimbaji jukwaani yalihesabiwa kuwa ni mambo ya wanaume. Kwa miaka mingi wanawake wa familia hiyo waliitikia nyuma. Sasa ala zimo mikononi mwao na wao ndio wanaoanzisha wimbo.

Katika Ugogo kwenyewe pia moto haujazimika. Tangu mwaka 2009, Chamwino imekuwa na tamasha la muziki wa Kigogo, ambalo hukusanya vikundi vya vijijini vipige ngoma zao mbele ya watu wao wenyewe, si mbele ya wageni wa serikali peke yao. Watoto hucheza wakitazamwa na bibi zao, nao bibi huwasahihisha palepale.

Linalobaki kuwa gumu ni lugha. Dodoma imekua haraka tangu serikali ilipohamia huko, na katika nyumba nyingi za mjini watoto wa Kigogo huzungumza Kiswahili tu. Teknolojia imeleta nyimbo za Zawose karibu kuliko wakati wowote, kwa kuwa leo kijana wa Hombolo mwenye simu anaweza kuzisikia akiwa kando ya bwawa bila kulipia nauli ya ndege. Lakini kijana huyo akizisikia asielewe maneno, atakuwa katika hali ile ile ya msikilizaji wa Tokyo, anayefurahia sauti na kukosa hadithi.

Bado wapo Ugogo wazee wanaoweza kumfasiria. Wanaijua Mtunya kwa masimulizi ya wazazi wao, wanayajua majina ya ng'ombe na ya koo, na wanajua ni wimbo gani huimbwa mvua inapochelewa. Kazi ya kukaa nao, kuwarekodi na kuandika maana ya nyimbo hizo inaweza kufanywa leo na Watanzania wenyewe, kwa vyombo ambavyo Zawose hakuwa navyo alipokuwa kijana. Umri wa wazee hao hauruhusu kazi hiyo iahirishwe kwa muda mrefu.